Wazanzibari wa Chatsworth na mkataba wa miaka 5

Chatsworth, kusini mwa Durban, ulijengwa miaka ya 1960 kuwa mji wa Wahindi peke yao. Serikali ya makaburu, kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, iliwang'oa watu Cato Manor, Bluff na kwingineko, ikawapanga kwenye vilima vilivyokuwa na mashamba ya ndizi. Hata hivyo, katika mtaa wa Bayview wamo Waislamu wenye asili ya Afrika, wazee wao wakizungumza Kimakua, na jina lao ni Wazanzibari. Sababu ya wao kuwa huko ni mkataba wa kazi uliokwisha muda wake karne ya 19.

Mkataba wenyewe haukutungwa kwa ajili yao. Wenye mashamba ya miwa wa Natal, koloni lililokuwa na Durban, walikuwa wamekosa vibarua kwa kuwa Wazulu, wakiwa na ardhi na ng'ombe wao, hawakuona sababu ya kukata miwa ya mtu mwingine kwa ujira mdogo. Ndipo vibarua wakaagizwa kutoka India. Meli ya Truro iliwashusha wa kwanza Durban tarehe 16 Novemba 1860, na hadi India ilipofunga mlango mwaka 1911 walikuwa wamepita watu 152,184. Wenyewe waliuita mkataba huo "girmit", neno la Kiingereza la makubaliano lililopondwapondwa na ndimi za Kihindi.

Masharti yake yalikuwa wazi kwenye karatasi. Mwanamume alipata shilingi 10 kwa mwezi mwaka wa kwanza, na shilingi moja iliongezwa kila mwaka, hivyo mwaka wa tano akapokea 14. Juu ya hapo alipewa posho ya mchele, dengu, ng'onda na chumvi, mahali pa kulala na matibabu. Mwajiri hakuchaguliwa na mfanyakazi, na kutoka shambani bila cheti cha ruhusa kulikuwa kosa la kupelekwa mahakamani. Kilichouma zaidi ni makato. Aliyekosa kazi siku moja bila ruhusa alikatwa ujira wa siku mbili, kwa hiyo mwenye homa ambaye msimamizi hakumwamini aliweza kumaliza mwezi akiwa amefanya kazi wiki mbili na kulipwa karibu na bure. Mjini Durban hali ilikuwa nafuu kidogo kwa wenye ujuzi: wapishi, wahudumu wa hoteli, makarani na wakalimani waliletwa kwa mikataba ya peke yao yenye mshahara mkubwa zaidi. Wao pia walifungwa kwa mwajiri mmoja.

Wafanyakazi wa mwanzo waliporudi Madras mwaka 1871 walilalamika kuhusu viboko na mishahara iliyozuiwa. Tume ikaundwa Natal mwaka 1872 na ofisi ya Mlinzi wa Wahamiaji ikaanzishwa, lakini meli za vibarua, zilizokuwa zimesimama, hazikurejea hadi 1874. Pengo hilo ndilo lililowaleta Wazanzibari.

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshinikiza Sultani Barghash afunge soko la watumwa, na mkataba ukatiwa saini mwezi Juni. Manowari za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi baharini, na watu waliookolewa walihitaji pa kupelekwa. Natal ikajitolea, na si kwa huruma tu. Agosti mwaka huohuo manowari Briton iliwashusha Durban watu 113, na kufikia mwaka 1880 idadi ilipita 500. Wengi walikuwa Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Zanzibar ilikuwa kituo cha njiani. Mtu aliyetolewa minyororo juma lile alijikuta akikabidhiwa kwa Mlinzi wa Wahamiaji na kufungwa miaka 5 kwa mwajiri asiyemjua. Uhuru wa namna hiyo ulikuwa na tarehe ya kuanza.

Mhindi alikuwa na haki ya kurudishwa kwao, awali baada ya kutimiza miaka 10 katika koloni. Kwa waliochagua kubaki muda wa mkataba ulipokwisha, sheria ya mwaka 1895 iliweka kodi ya pauni 3 kwa mwaka, sawa na mishahara ya zaidi ya miezi 4 ya mwaka wa tano. Nia yake haikufichwa: asaini tena au aondoke. Ilifutwa mwaka 1914, baada ya mgomo mkubwa wa 1913 ulioanzia kwenye migodi ya makaa ya Natal chini ya Gandhi na kusambaa hadi mashamba ya miwa ya pwani. Wazanzibari hawakuwa na pa kurudishwa. Walikusanyika Kings Rest, kwenye Bluff, katika ardhi iliyonunuliwa kwa ajili yao na wadhamini Wahindi wa msikiti wa Grey Street. Hapo walikuwa na msikiti na makaburi yao, na lugha yao ikadumu.

Serikali ya ubaguzi haikujua iwaweke wapi. Iliwaandika kwanza kuwa wenyeji Waafrika, kisha machotara, na mwishowe "Waasia wengine", kwa hoja kwamba walikuja kutoka Zanzibar na ni Waislamu. Hoja hiyo ya kijiografia haihitaji kupingwa, ila matokeo yake yalikuwa makubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Bluff ilipotengwa kwa Wazungu, walihamishiwa Chatsworth badala ya kitongoji cha Waafrika cha Umlazi, kilicho jirani kabisa. Kings Rest ilivunjwa. Wajukuu wa watu wa manowari Briton walipangiwa nyumba Bayview kama wageni wa Asia, takriban miaka 90 baada ya babu zao kushushwa Durban.