Saksi: Kisu cha Wagermanik wa Kale

Saksi ni kisu chenye makali upande mmoja kilichotumiwa Ulaya na Wasaksoni, Wafaranki, Waalemanni na makabila mengine ya Wagermanik, tangu karne ya 5 hivi hadi karne ya 11. Mgongo wake ni mnene, na msuka wake huingia ndani ya mpini wa mti, mfupa au pembe. Wataalamu wengi huona kwamba Wasaksoni walipata jina lao kutokana na kisu hiki.

Tukisikia habari za watu hao upesi tunafikiria vita na panga ndefu. Kumbe upanga ulikuwa mali ya wachache. Mwandishi Mroma Tacitus, mnamo mwaka 98, alieleza kwamba Wagermanik hawakuwa na chuma kingi, na wengi wao walibeba mikuki. Kisu kidogo ndicho kilichokuwa cha kila mtu. Katika makaburi ya kale ya Waanglo-Saksoni, yaani Wasaksoni na wenzao waliohamia Uingereza, visu hukutwa penye kiuno cha wanaume, wanawake, na hata watoto. Ndicho walichokatia nyama, ngozi na kamba, na ndicho walichochongea vijiko vya mti. Saksi kubwa ilivaliwa katika ala ya ngozi, ikilala sambamba na mkanda, makali yakitazama juu.

Kufua saksi nzuri kulitaka akili. Chuma laini hakivunjiki ovyo, lakini hupoteza makali haraka. Chuma cha pua hukata vizuri, ila kikipigwa kwa nguvu huweza kukatika. Basi mhunzi aliviunganisha: laini mgongoni, cha pua kwenye makali. Mafundi hodari walifanya zaidi ya hapo. Walichukua fito za chuma, wakazipasha moto na kuzisokota kama kamba, kisha wakazifua pamoja juu ya fuawe mpaka zikashikana. Bapa liliposuguliwa, mistari ya ule msokoto ilijitokeza, ikawa pambo lililo ndani ya chuma chenyewe.

Saksi mashuhuri kuliko zote iliokotwa mwaka 1857 na kibarua mmoja katika mto Thames, sehemu ya Battersea, London. Ni ya karne ya 10 na urefu wake ni sentimita 72, kwa hiyo ni ndefu karibu kama upanga. Fundi alichimba vijifereji kwenye bapa, akapigilia humo nyuzi za shaba nyekundu, shaba ya manjano na fedha. Upande mmoja amepanga herufi zote 28 za runi, maandishi ya Waanglo-Saksoni wa wakati huo, na baada yake jina Beagnoth. Huenda ndiye mhunzi, huenda ndiye mwenye kisu. Baadhi ya herufi hazikukaa katika mpangilio wake wa kawaida. Alfabeti nzima juu ya silaha! Kila mtoto anayejifunza kusoma anastahili kuiona saksi hii, na imewekwa katika British Museum, London.

Wafalme nao walikuwa na zao. Childeric, mfalme wa Wafaranki aliyefariki mwaka 481 au 482, alizikwa Tournai, mji ulioko Ubelgiji ya leo. Kaburi lake lilipofunuliwa mwaka 1653, ndani yake mlikuwa na upanga na saksi, vyote vimepambwa kwa dhahabu na vito vyekundu vya garneti. Uchunguzi umeonyesha kwamba garneti nyingi za Wafaranki wa enzi hiyo zilitoka India na Sri Lanka, yaani zilianza safari yao katika Bahari ya Hindi, bahari hii hii ya pwani yetu.

Leo nembo ya Essex, mashariki mwa Uingereza, ina saksi tatu nyeupe juu ya rangi nyekundu. Ila wachoraji wa nembo wamezipinda na kuzitia pengo mgongoni, na saksi zilizofukuliwa ardhini hazina pengo hilo.