Kompyuta ya Sebuleni, Si Kituo cha Midia

Mswahili akiandika neno "Kodi" mtandaoni, majibu yanayotangulia ni ya mamlaka za mapato na ya wenye nyumba. Programu yenye jina hilo haimdai mtu chochote. Ni programu huria, inapatikana bure, na kazi yake ni kupanga filamu, muziki na picha zilizomo kwenye diski zako na kuzionyesha katika televisheni kwa menyu kubwa zinazosomeka ukiwa umeegemea kochi. Hadi mwaka 2014 iliitwa XBMC, kifupi cha Xbox Media Center, kwa sababu ilizaliwa ndani ya Xbox ya kwanza ya Microsoft: mashine ya michezo yenye prosesa ya megahezi 733 na kumbukumbu ya megabaiti 64, ambayo watundu walilazimika kuivunja kufuli zake kabla haijakubali programu ya kigeni.

Jina la Xbox limekwisha kuondoka, lakini "midia senta" imebaki kuwa jina la aina nzima ya programu hizi, na tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "kituo cha midia". Siipendi. Kituo kwetu ni mahali watu wanapokwenda: cha polisi, cha afya, cha mabasi, cha redio. Ukimwambia mtu kuna kituo cha midia, atafikiria ukumbi wanamokaa waandishi wa habari wakati wa mkutano mkubwa au mashindano ya mpira. Ubaya wa pili ni kwamba jina hilo linafunika vitu viwili kwa kitambaa kimoja, programu na mashine. Programu unaipata kwa dakika chache. Mashine ya kuiendeshea ndiyo inayowahangaisha watu.

Mashine hiyo kwa Kiingereza huitwa HTPC, yaani kompyuta ya thieta ya nyumbani. Hapo tena tafsiri inakwama, maana thieta kwa wengi wetu ni chumba cha upasuaji. Ninachopendekeza ni "kompyuta ya sebuleni". Ni jina la kawaida kabisa, na nguvu yake iko kwenye hiyo "-ni" ya mwisho. Sebule ndipo anapopokelewa mgeni. Kifaa kinachowekwa hapo hakiruhusiwi kuvuma kama feni ya dukani filamu inapofika mahali pa kunong'ona. Hakiruhusiwi kudai kibodi na kipanya mezani. Bibi lazima aweze kukiwasha, na mtoto asiweze kukiharibu kwa vitufe vitatu. Ukimwambia fundi "nataka kompyuta ya sebuleni", umekwisha kumpa nusu ya masharti.

Wapo watakaosema tunalo tayari neno king'amuzi. Neno hilo lilisambaa kwa kasi wakati wa kuhamia matangazo ya dijitali. Dar es Salaam ilizimiwa mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, na kila nyumba ikajikuta inatafuta kiboksi. Pembeni yake likakaa neno jingine, kisimbuzi, ambalo Tanzania hutumika kwa kifaa hicho hicho. Asili zao hata hivyo zinatofautiana. Kung'amua ni kutambua kwa akili jambo lililojificha. Kusimbua ni kinyume cha kusimba, kama kufungua kulivyo kinyume cha kufunga: data imewekwa katika msimbo, nawe unaitoa. Kwa kuwa tumebahatika kuwa na maneno mawili, tuyagawie kazi. King'amuzi libaki jina la kiboksi cha kulipia matangazo, chenye kadi yake na namba yake ya malipo. Kisimbuzi tulipe kitu kidogo zaidi, ambacho ndicho roho ya kompyuta ya sebuleni: sehemu ya chipu inayosimbua video.

Umuhimu wa sehemu hiyo unaonekana kwa hesabu. Fremu moja ya picha ya HD kamili ina nukta 1920 kwa 1080, na kila nukta, kwa rangi tatu, huchukua baiti tatu. Hiyo ni takriban megabaiti 6.2 kwa fremu moja. Filamu hupita fremu 24 kwa sekunde. Kwa saa mbili data ghafi inazidi terabaiti moja. Ila faili ulilonalo ni la gigabaiti chache tu, kwa sababu limesimbwa kwa kodeki kama H.264 ya mwaka 2003 au HEVC ya mwaka 2013, ambazo huhifadhi mabadiliko kati ya fremu na fremu badala ya kurudia picha nzima. Kuirudisha picha katika hali yake ni kazi nzito, na haisubiri: fremu ikichelewa, jicho linaona.

Kazi hiyo inaweza kubebwa na prosesa kuu, ambayo itachemka, itawasha feni na kula umeme. Au inaweza kubebwa na kisimbuzi cha chipu, saketi iliyoundwa kwa kodeki fulani tu, ambayo huimaliza kimyakimya. Mfano ulio wazi kuliko yote ni Raspberry Pi, kompyuta ya Waingereza yenye ukubwa wa kadi ya benki iliyotoka Februari 2012 kwa dola 35. Prosesa yake ya megahezi 700 ilikuwa dhaifu kiasi kwamba menyu za XBMC zilijivuta, ila filamu ya H.264 ya HD kamili ikianza, inateleza bila kukwama. Kichekesho ni kwamba kwa MPEG-2, kodeki kongwe ya DVD, kisimbuzi chake kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya leseni; mwenye kukihitaji alinunua ufunguo wa programu kwa pauni 2.40. Kifaa kinacheza filamu mpya ya HD na kushindwa DVD ya zamani! Mwaka 2023 ikatoka Raspberry Pi 5, yenye prosesa imara mno, na safari hii kisimbuzi cha H.264 ndicho kilichoondolewa, kikabaki cha HEVC. H.264 inachezwa na prosesa kuu, na inaiweza.

Kwa hiyo swali la dukani, "ina RAM ngapi?", halifiki mbali. Uliza chipu inasimbua kodeki zipi, kwa ukubwa gani wa picha, kisha tazama maktaba yako imesimbwa kwa zipi. AV1, ya mwaka 2018, inazidi kuenea, na mashine nyingi za zamani hazina kisimbuzi chake.

Jambo la pili halitajwi kwenye maboksi, nalo ndilo linalowaudhi watazamaji makini. Televisheni nyingi zikiunganishwa na kompyuta huonyesha picha mara 60 kwa sekunde. Filamu ina fremu 24, na 24 haigawi 60 sawasawa, hivyo fremu moja huonyeshwa mara mbili, inayofuata mara tatu, na kadhalika. Kamera ikigeuka polepole kuipita mandhari, utaona mtetemo mdogo. Kompyuta nzuri ya sebuleni huiagiza televisheni ibadilishe mwendo wake ufuate filamu, na Kodi ina mpangilio wa kufanya hivyo. Vipindi vya fremu 25, vya mfumo wa televisheni uliotumika kwetu, navyo vinataka mwendo wa 50.

Halafu rimoti. Ndani ya kebo ya HDMI kuna waya mmoja wa mawasiliano uitwao CEC, ambao huwezesha rimoti ya televisheni kuamrisha kifaa kilichochomekwa. Kampuni huuficha chini ya majina ya biashara: Samsung huuita Anynet+, LG huuita SimpLink. Raspberry Pi inaufahamu tangu mwanzo. Kompyuta nyingi za kawaida haziufahamu, na mwenye nazo hulazimika kununua adapta au rimoti ya pembeni. Mimi ningeuweka mbele ya kasi ya prosesa.

Maboksi ya Android yanayouzwa kwenye maduka ya Kariakoo na ya mtaa wa Luthuli ni kompyuta za sebuleni pia, kwa maana ya neno, na bei zake zinavutia. Mengi hayana kibali kinachodaiwa na huduma kama Netflix, kwa hiyo huduma hizo hutoa picha hafifu hata kama boksi limeandikwa 4K kwa herufi kubwa. Mengine huja yamejazwa viungo vya filamu za wizi. Huko Ulaya biashara hiyo iligonga mwamba Aprili 2017, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilipoamua kwamba kuuza kifaa cha namna hiyo ni kukiuka hakimiliki. Watengenezaji wa Kodi wamekuwa wakijitenga nayo kwa nguvu.

Kuna pia vifaa vilivyoundwa mahususi. Boxee Box ya mwaka 2010, mchemraba uliokaa kama umezama mezani, iliendeshwa na programu iliyochipuka kutoka XBMC; Samsung ilipoinunua kampuni ya Boxee mwaka 2013, wenye mchemraba wakabaki nao. Vero, kinachouzwa na watengenezaji wa mfumo endeshi wa OSMC, kinaendeshwa na Kodi yenyewe. Na kompyuta ndogo ya kawaida unaweza kuipakia LibreELEC, mfumo endeshi unaoingia kwenye Kodi moja kwa moja. Kampuni iliyoitengeneza ikifa, unapakia mfumo mwingine. Ndiyo maana nashikilia neno kompyuta, sisemi kiboksi.

Linabaki kundi moja ambalo jina langu halilifai. Plex, iliyotokana na msimbo wa XBMC mwaka 2008, na Jellyfin ya mwaka 2018, huweka maktaba yote katika mashine moja iliyofichwa stoo au chumba cha nyuma, nayo hupeleka filamu kwenye televisheni, simu na tableti za nyumba nzima. Mashine hiyo haikai sebuleni, haina skrini, na inaruhusiwa kuvuma. Kila kifaa huijia kuchukua kinachotaka. Hiyo, wakitaka, waiite kituo cha midia.