Tangi na Bomba: Historia Fupi ya Kupima Nafasi ya Diski kwa Amri

Mugango ni kata iliyo kando ya Ziwa Nyanza, kusini mwa mji wa Musoma, na katika mkoa wa Mara jina lake hutajwa sana kwa sababu ya maji. Huko ndiko yavutwako maji ya ziwa, yakapandishwa kwa mabomba kwenda Kiabakari na Butiama. Mtu akitaka kujua hali ya maji ya namna hiyo, ana njia mbili. Aweza kupanda juu ya tangi akatazame kiasi kilichosalia. Au aweza kupita bomba kwa bomba, nyumba kwa nyumba, akasoma kila mita, kisha akajumlisha. Ikiwa mambo yote ni sawa, hesabu hizo mbili hazina budi kupatana. Zisipopatana, maji yanapita mahali pasipoonekana, na fundi hana budi kuchukua jembe.

Nimeanza na tangi kwa makusudi. Jambo ninalotaka kulieleza ni namna mtu apimavyo nafasi ndani ya diski ya kompyuta kwa kuiandikia amri, pasipo picha wala vitufe vya kubofya. Nalo lina njia hizo hizo mbili. Amri iitwayo df hutazama tangi: huuliza mfumo wa diski umebakiwa na nafasi kiasi gani, nao hujibu mara moja, kwa kuwa hesabu hiyo umekwisha kuiweka. Amri iitwayo du hupita bomba kwa bomba: huingia katika kila saraka, na katika saraka zilizomo ndani ya saraka, ikaandika kila faili imekalia nafasi gani, mwishowe ikatoa jumla. Ndiyo maana du hukawia na df haikawii. Majina yenyewe ni vifupisho vya Kiingereza: la kwanza lina maana ya diski iliyo wazi, la pili matumizi ya diski. Wanafunzi wengi huyakariri kabla ya mtihani na kuyasahau baada yake, na sidhani kwamba kosa ni lao, kwani hawakuambiwa yametoka wapi.

Yametoka katika uhaba. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, watafiti wa Bell Labs katika jimbo la New Jersey, Marekani, walianza kutunga mfumo ulioitwa baadaye Unix, wakitumia PDP-7, mashine ndogo iliyokuwa imekwisha kupitwa na wakati. Baadaye walipata PDP-11. Hiyo ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 24 tu, na katika hizo 16 zilichukuliwa na mfumo wenyewe. Diski yake ilikuwa na bloku 1,024, kila bloku baiti 512, yaani nusu ya megabaiti kwa jumla. Picha moja iliyopigwa kwa simu ya leo kwa kawaida haienei humo. Katika nyumba ndogo namna ile, yenye wapangaji kadha wa kadha, kuuliza ni nani aliyejaza chumba hakukuwa udadisi. Kwa hiyo kitabu cha kwanza cha maelezo ya Unix, cha tarehe 3 Novemba 1971, kina du na df zote mbili. Kitabu hicho kilikuwa pia na mahali pa kukiri kasoro za programu, desturi ambayo ningefurahi kuiona katika vitabu vyetu vya kiada.

Alama ya uhaba huo ingalipo. Diski ya kwanza ilipojaa, programu zilizozidi zilihamishiwa kwenye diski ya pili, palipokuwa na mali za watumiaji, katika saraka iitwayo usr. Jina hilo limo hata leo katika kompyuta zenye Linux, ijapokuwa watumiaji wenyewe walikwisha kuhama humo zamani.

Sasa tutazame ni kitu gani kinachohesabiwa, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Faili ina vipimo viwili: urefu wa maandishi yake, na nafasi iliyoikalia. Diski haigawiwi kwa herufi moja moja. Hugawiwa kwa bloku. Faili yenye herufi moja tu hupewa bloku nzima, kama vile gunia lenye kibaba kimoja lichukuavyo mahali pa gunia ghalani. Mwenye ghala hamwulizi mkulima ameleta punje ngapi. Humwuliza magunia yake yatakaa wapi. du ni mwenye ghala. Kinyume chake pia hutokea, kwamba faili ndefu yenye mapengo yasiyoandikwa chochote hukalia nafasi ndogo kuliko urefu wake. Na faili yenye majina mawili katika diski moja huhesabiwa mara moja tu, kama mtu mwenye jina la ukoo na jina la ubatizo ambaye karani wa sensa humwandika mara moja.

Ukubwa wa bloku si jambo dogo. Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marshall Kirk McKusick na wenzake walitaka bloku za baiti 4,096 au zaidi ili diski isomwe upesi. Walipopima faili zao wakaona kwamba kwa bloku za baiti 512 nafasi iliyopotea ilikuwa asilimia 6.9, na kwa bloku za 4,096 ingepotea asilimia 45.6, karibu nusu ya ghala. Dawa waliyoitoa, katika makala waliyoichapisha mwaka 1984, ilikuwa kuikata bloku kubwa vipande, ili faili ndogo ipewe kipande na si gunia zima. Mwanafunzi anayeshangaa kwa nini du humpa jumla kubwa kuliko urefu wa faili zake anakutana na tatizo lile lile.

Nirudi Musoma, kwa sababu mwaka 1974 una mambo matatu ambayo sijayaona yakitajwa pamoja. Mwezi wa Julai Ritchie na Thompson walichapisha katika jarida la chama cha wanakompyuta cha Marekani makala yao kuhusu Unix, na mfumo ule ukaanza kuenea katika vyuo vikuu vya nchi nyingine. Mwezi wa Novemba Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, mwendo mfupi tu kutoka Mugango, ikapitisha Azimio la Musoma lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kazi iwe sehemu ya elimu. Na katika mwaka huo huo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, ilhali kompyuta ya kwanza ilikuwa imekwisha kufungwa katika Wizara ya Fedha tangu mwaka 1965.

Ni rahisi kuwacheka waliokataza. Mimi siwacheki. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda ghafula, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na mtoto wa Majita alihitaji daftari kabla ya kuhitaji diski. Lakini hasara ilikuwapo. Wakati vijana wa kwingine walipokuwa wakijifunza mfumo uliotungwa kwa ajili ya mashine maskini, sisi, tuliokuwa maskini zaidi, tulidhani kompyuta zote ni za matajiri. Bahati yetu ni kwamba amri zile hazikubadilika. Njia ya kuunganisha amri kwa amri, matokeo ya moja yakawa chakula cha nyingine, ilianza kutumika katika Unix karibu na mwaka 1973. Na mtu wa leo akiandika du -s * | sort -n ataona vilivyomo katika saraka yake vimepangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa, kama ambavyo angeona mtu wa wakati ule. Aliyechelewa nusu karne huanzia palepale.

Miaka michache iliyopita niliitwa na ofisi moja ndogo ya upande wa kwetu. Kompyuta yao, yenye Linux, ilikuwa imekataa kuhifadhi chochote. "Mwalimu, shikamoo," karani akaniambia, "mashine imejaa, nami nimekwisha kuipunguza." Kuipunguza kwake kulikuwa kufuta barua za miaka sita, faili elfu mbili na zaidi, kwa kuwa alipofungua saraka ile aliona orodha ndefu isiyo na mwisho. Aliupima wingi, hakuupima uzito. Barua zote zile hazikufika hata megabaiti mia. Nikaandika amri niliyoitaja hapo juu, nikashuka saraka kwa saraka, hata tukaikuta faili moja tu, ya kumbukumbu za printa, iliyokuwa ikiandika kosa lile lile usiku na mchana. Nayo ilikuwa imekalia gigabaiti 30.

Kabla sijamzuia aliifuta nayo. du ikasema nafasi imepatikana. Df ikasema diski ingali imejaa. Tangi na mabomba havikupatana. Sababu ni kwamba faili iliyofutwa hupoteza jina lake tu. Programu iliyoifungua ikiwa ingali inaishikilia, nafasi haiachiliwi, na du, ambayo hupita kwa majina, haiwezi kuiona. Tukaisimamisha programu ya printa, na papo hapo df ikashuka.

Barua hazikurudi. Miongoni mwake zilikuwamo za mipaka ya viwanja, ambazo nakala zake za karatasi zilikwisha kuliwa na mchwa. Karani akaniuliza kama du ingeweza kumwonyesha mahali zilipokuwa. Nikamjibu kwamba du huhesabu kilichopo. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaiandika amri ile juu ya karatasi, akaibandika ukutani kando ya kalenda.