Mizani Ilikuwepo, Kilichokosekana ni Ayoni

Historia ya kupima uzito wa atomu husimuliwa kama historia ya sumaku, na mimi naona simulizi hilo limeanzia katikati. Sumaku hupima uzito kwa kupinda njia ya kitu, na haipindi njia ya kitu kisicho na chaji. Lazima kwanza atomu inyang'anywe elektroni iwe ayoni chanya, na hapo ndipo kazi ilipokwama mara kwa mara. Mwaka 1886, huko Berlin, Eugen Goldstein alitoboa kathodi ya bomba lililopunguzwa hewa, akaona nuru ikipenya matunduni kuelekea nyuma. Hizo zilikuwa ayoni chanya, ingawa hakujua. J.J. Thomson alizipitisha kwenye sumaku pale Cambridge, na kufikia 1913 neoni ilikuwa imemchorea michirizi miwili kwenye bamba la picha, mmoja wa uzito 20, mwingine wa 22. Elementi moja, atomu za aina mbili.

Bomba hilo lilifaa gesi. Arthur Dempster wa Chicago, mwaka 1918, alipata ayoni kwa kupasha moto chumvi na kwa kuipiga kwa elektroni, na mapigo ya elektroni yakawa njia kuu kwa miongo mingi. Lakini njia hiyo ilitaka mvuke, na protini haigeuki mvuke. Ukiipasha moto inaganda kama ute wa yai kikaangoni.

Watetezi wa sumaku watasema maendeleo yalisubiri pampu bora na kompyuta. Zilisaidia, sikatai. Hata hivyo, wazo la kupima uzito kwa muda ambao ayoni hutumia kusafiri lilitangazwa mwaka 1946, na protini kubwa zikaendelea kusubiri kwa takriban miaka 40. Mwaka 1985 Koichi Tanaka, mhandisi wa kampuni ya Shimadzu mjini Kyoto, alimimina gliserini kimakosa kwenye unga wa kobalti. Unga ule ulikuwa ghali, akaona hasara kuutupa, akaupiga leza hivyo hivyo. Molekuli zikaruka nzima. Huko Marekani, John Fenn alinyunyiza mchanganyiko wa maji na protini kupitia sindano yenye volti maelfu. Matone yakakauka, chaji zikabaki kwenye protini.

Wote wawili walipewa Nobeli ya kemia mwaka 2002. Wajerumani Michael Karas na Franz Hillenkamp, ambao njia yao ya leza ndiyo iliyoenea maabara, hawakupewa.