Vijia vya Baiskeli vya Sirisia: Historia ya Utulivu kwenye Miteremko ya Elgon

Sirisia ni eneo la vilima na mabonde lililoko magharibi ya Kaunti ya Bungoma, chini ya Mlima Elgon, ambako Mto Lwakhakha unatenganisha Kenya na Uganda na Mto Malakisi unashuka kuelekea tambarare za kusini. Kati ya barabara zinazounganisha Chwele, Sirisia, Namwela, Malakisi na Lwakhakha kumetandazwa vijia vingi vyembamba visivyopitwa na magari, vinavyofuata migongo ya vilima, vikivuka vijito penye maji haba na kupenya kati ya mashamba ya mahindi, migomba na kahawa. Anayeviendea leo kwa baiskeli husifu ukimya wake, na sifa hiyo ni ya haki. Hata hivyo ukimya huo ni mgeni. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini vijia hivi vilikuwa njia za mizigo mizito, na umbo vilivyo nalo sasa, yaani mizunguko yake, vivuko vyake na sehemu vinapopanuka ghafla bila sababu inayoonekana, ni kazi ya watu waliobeba na kusukuma vitu sokoni.

Msingi wa vijia hivyo ni wa zamani kuliko baiskeli. Kabla ya utawala wa Waingereza, Wabukusu, ambao ndio wakazi wengi wa eneo hili, waliishi katika vijiji vilivyozungukwa na kuta za udongo na mahandaki, ambavyo kimoja huitwa lukoba na vingi chingoba. Ngome mbili za aina hiyo, Lumboka na Chetambe, ndizo zilizoshambuliwa mwaka 1895 na jeshi lililoongozwa na Waingereza, na kuanguka kwake kukawafanya watu watawanyike katika maboma madogo ya familia juu ya vilima. Utawanyiko huo ulizaa vijia vingi kuliko vya awali, kwa kuwa kila boma lilihitaji njia ya kwenda kisimani, malishoni, na zaidi ya yote kwa wajomba. Mjomba, kwa Kibukusu khocha, ana nafasi ambayo hakuna mwingine anayeweza kuishika katika tohara ya vijana, na kijana anayejiandaa kutahiriwa hana budi kumwendea kwa miguu akipiga chinyimba, yaani njuga za chuma za mikononi, huku akisindikizwa na waimbaji. Kwa kuwa ndoa hufungwa kati ya koo tofauti, vijia vya wajomba vilikata vilima kwa upana, wakati barabara za serikali zilizokuja baadaye zilifuata haja ya makao ya utawala na ya reli.

Mwaka 1902 nchi hii iliondolewa katika himaya ya Uganda na kutiwa katika ile ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Tangu hapo mto ambao Wabukusu na ndugu zao Wagisu walikuwa wakiuvuka kwa ndoa na biashara ukawa ukingo wa nchi mbili. Athari yake kwa safari za kila siku ilichelewa kuonekana, kwa sababu mpaka uliochorwa kwenye ramani haukuwa na uzio wala walinzi wa kutosha, na vijia viliendelea kushuka mtoni na kupanda ng'ambo kama zamani.

Baiskeli ya aina inayojulikana leo, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma, ilibuniwa Uingereza mwaka 1885, na tairi la upepo likafuata mwaka 1888. Kwa hiyo chombo hiki kiliingia Afrika Mashariki kikiwa bado kichanga, katika mzigo mmoja na ukoloni wenyewe. Kiliteremshwa Mombasa na kupandishwa bara kwa reli. Tawi la reli lilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu iliyopita Bungoma kwenda Tororo ilifika Kampala mwaka 1931, jambo lililoziweka bidhaa za madukani karibu na wakulima wa Sirisia kuliko wakati wowote wa nyuma. Wanunuzi wa kwanza walikuwa watu wenye mshahara: makarani, walimu, wahubiri, machifu, pamoja na vibarua waliokuwa wakirudi kutoka mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia. Kwa miaka mingi baiskeli ilikuwa alama ya hadhi kabla haijawa punda wa nyumba.

Mabadiliko hayo, kutoka hadhi hadi kazi, yanastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo yaliyoandika upya vijia. Baiskeli iliyoenea vijijini ilikuwa ya chuma kizito, nyeusi, bila gia, yenye breki za vyuma vilivyoungana na usukani, na karia pana nyuma. Nchini Kenya ilipewa jina la nyoka, Black Mamba. Hailingani na vilima kwa vyovyote vile, kwani mtu hawezi kuupanda nayo mwinuko mkali akiwa amebeba gunia la mahindi la kilo 90. Lakini haikununuliwa ili ipandwe tu. Ilinunuliwa pia ili isukumwe: gunia hulazwa kwenye karia na kukazwa kwa mipira iliyokatwa kutoka tyubu kuukuu, mwenye baiskeli hushika usukani kwa mkono mmoja na mzigo kwa mkono wa pili, na hivyo huhamisha kwa safari moja kile ambacho kichwani kingehitaji watu wawili au watatu. Kwenye mteremko, breki zikishindwa, wayo wa kandambili ya mpira hukandamizwa kwenye tairi.

Mtembea kwa miguu hupenda njia fupi hata ikiwa ya mawe na vidato, lakini anayesukuma gunia huukwepa mwinuko wa ghafla, hutafuta mgongo wa kilima wenye mteremko wa pole, na huhitaji mahali pa kupumzika ambapo baiskeli inaweza kuegemezwa bila mzigo kuanguka. Kijia kikipitwa kwa namna hiyo miaka mingi huhama taratibu. Kinaacha mkato wa zamani ukajiotea majani, kinazunguka mwamba, kinapanuka chini ya mti wenye kivuli. Hakuna mhandisi aliyevipima vijia vya Sirisia, lakini kusema kwamba havikusanifiwa itakuwa ni kuwanyima haki waliovisanifu kwa migongo na magoti yao.

Hakuna kipindi kilichovijaza vijia hivyo kama miaka ya kahawa ya Chepkube. Mwezi Julai 1975 baridi kali iliunguza mibuni ya Brazil, nchi inayozalisha kahawa nyingi kuliko zote duniani, na bei ya zao hilo ikapanda mfululizo hadi kilele chake mwaka 1977. Nchini Uganda, Rais Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia mwaka 1972, biashara rasmi ilikuwa imeporomoka, na mkulima aliyeuza kahawa kwa njia ya serikali alilipwa kwa shilingi isiyonunua sabuni wala chumvi. Ng'ambo ya Lwakhakha, Wagisu walikuwa na mashamba ya arabika ya miaka mingi na chama chao cha ushirika tangu mwaka 1954. Upande wa Kenya kulikuwa na wanunuzi wenye fedha zenye nguvu. Soko la Chepkube, karibu na mpaka kwenye miteremko ya Elgon, likawa mahali ambapo tofauti hiyo ya bei iligeuzwa fedha taslimu.

Kahawa ilivuka kichwani, mgongoni mwa punda, ndani ya malori na juu ya baiskeli. Lori lilihitaji barabara na maelewano na wenye mamlaka. Baiskeli ilihitaji kijia tu. Ndiyo maana magendo, yaani biashara ya kuvusha mali nje ya sheria, hayakubaki mikononi mwa matajiri peke yao, ingawa faida kubwa iliishia kwao. Mvushaji mwenye gunia moja alijua kivuko kilichokuwa na maji ya magotini na saa ambayo askari wa Uganda, ambao wakati huo waliogopwa kwa haki, hawakuwa kwenye doria. Sarufi ya Kiswahili iliteseka katika maneno mafuta mingi, jina ambalo Waganda waliwapa waliotajirika ghafla zama hizo, lakini maana ilieleweka pande zote mbili za mto. Mwandishi wa tamthilia Wasambo Were aliiweka dhahabu nyeusi ya Chepkube jukwaani, na kwa wakazi wengi wa Bungoma jina la soko hilo dogo bado humaanisha enzi nzima. Bei ya dunia iliposhuka na utawala wa Amin ulipoanguka mwezi Aprili 1979, mkondo wa kahawa ulipungua, lakini vijia vilikuwa vimekwisha kukanyagwa na kupata jina ambalo vya mpakani vinaitwa hadi leo: njia za panya.

Mpaka huohuo ulizaa kazi nyingine kusini kidogo. Huko Busia, tangu miaka ya 1960, waendesha baiskeli waliwabeba abiria kuvuka sehemu iliyo kati ya vituo viwili vya forodha, na wito wao wa Kiingereza wa kuwaalika kutoka mpaka hadi mpaka, border to border, ukawa neno boda boda, ambalo baada ya miaka 30 lilikuwa limeenea Uganda na magharibi yote ya Kenya. Sirisia nayo ilipata mabingwa wake wa kubeba watu kwenye karia iliyotiwa godoro dogo. Wakati huohuo, hadi soko la nafaka lilipofunguliwa mapema katika miaka ya 1990, serikali ilidhibiti usafirishaji wa mahindi kwa vibali na vizuizi vya barabarani, na baiskeli iliyopita nyuma ya kilima ilikuwa jibu la mkulima kwa kizuizi kilichowekwa mbele yake.

Kisha ukaja ukimya, na haukuja kwa njia moja. Kati ya mwaka 2006 na 2008 vita vya ardhi vya Mlima Elgon, ambavyo kitovu chake kilikuwa Cheptais na Kopsiro, jirani kabisa na Sirisia, vilizifanya njia za juu ziogopwe. Huo ulikuwa ukimya wa hofu, usiofaa kuchanganywa na ule unaosifiwa na wapanda baiskeli. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo, na katika miaka michache tu abiria, maziwa, mahindi na hata wagonjwa wakahamia kwenye injini. Pikipiki hutaka barabara. Ikaacha nyuma vijia vya miinuko na vivuko vyembamba, na baiskeli iliyoachiwa vijia hivyo ikapokonywa mizigo yake.

Leo vijia hivyo hutumiwa na wanafunzi, na wanawake wanaokwenda kisagio, na wazee wasiotaka kuziacha baiskeli zao, na wachache wanaozunguka kwa starehe. Baadhi vimeliwa na mmomonyoko pale mvua ilipoifuata alama ya tairi na kuifanya mfereji. Vingine vimelimwa na kumezwa na mashamba, maana ardhi imegawanywa mara nyingi na ukanda wa njia ni ukanda wa mahindi. Vya wajomba ndivyo vilivyosalia vizima zaidi. Kila Agosti ya mwaka shufwa, chinyimba zinapoanza kusikika kutoka nyuma ya mgongo wa kilima, mwenye baiskeli hushuka, huisogeza majanini, na kuuachia msafara kijia chote hadi mtu wa mwisho apite.