Mtandamboo: Tafuta Mwiba Kwanza

Kichaka hiki kisichopukutisha majani ni mtandamboo. Wamaasai huuita olamuriaki. Chuma jani: utomvu mweupe kama maziwa hutoka papo hapo. Maua hunukia. Tunda likiwa jekundu bado lina ukakasi. Lisubiri liwe zambarau iliyokolea, karibu nyeusi.

Usionje kabla ya kuona miiba. Msunguti, ndugu yake, una utomvu uleule, maua meupe yanayonukia na matunda ya rangi hiyohiyo, ila hauna mwiba hata mmoja. Huo ndio walioutumia Wakamba na Wagiriama kupika sumu ya mishale.

Kuotesha mtandamboo si kazi: osha mbegu, zipande zikiwa bichi. Ukipogolewa hufunga wigo madhubuti. Mbuzi atakula majani, lakini kupenya hapenyi.