Mfumo Kabla ya Mashine: Kampuni ya J. Lyons na Chimbuko la Mifumo ya Taarifa za Menejimenti Katika Biashara

Vitabu vingi vya utangulizi kuhusu mifumo ya taarifa za menejimenti huanza na kompyuta, kisha huieleza ofisi kama mahali ilipopelekwa mashine hiyo. Mpangilio huo unaisimamisha historia kichwa chini miguu juu. Katika kampuni iliyotangulia nyingine zote kuendesha kazi za kawaida za ofisi kwa kompyuta, mfumo uliitangulia mashine kwa takriban miaka 20, na mashine ikajengwa kwa sababu mfumo wa karatasi ulikuwa umefikia ukomo wake. Kampuni hiyo haikuwa ya silaha, ya benki wala ya bima. Iliuza chai na keki.

J. Lyons ilifungua mgahawa wake wa kwanza wa chai mtaani Piccadilly, London, mwaka 1894. Miongo minne baadaye ilikuwa na migahawa zaidi ya 200, pamoja na viwanda vikubwa vya kuoka mikate na keki katika makao yake ya Cadby Hall. Faida iliyopatikana kwa kikombe kimoja cha chai ilikuwa ni sehemu tu ya peni. Biashara ya namna hiyo huishi kwa hesabu, kwani kosa dogo la gharama likizidishwa kwa mamilioni ya vikombe humeza faida yote. Ndiyo maana kampuni iliajiri makarani wengi mno, na ndiyo maana mwaka 1923 ilimwajiri John Simmons, mhitimu wa hisabati kutoka Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mapema katika miaka ya 1930, chini ya Simmons, ilianzishwa ofisi ya utafiti wa mifumo. Kazi yake ilikuwa kuhoji kila karatasi: inaandikwa na nani, inasomwa na nani, na ni uamuzi gani utakaobadilika isipoandikwa. Hoja ya insha hii ni kwamba hapo, wala si katika maabara ya umeme, ndipo ulipo mwanzo wa fani inayojadiliwa.

Mwaka 1947 kampuni iliwatuma Thompson na Standingford kwenda Marekani kuchunguza mbinu mpya za ofisi. Huko Princeton walikutana na Herman Goldstine, ambaye aliwaelekeza warudi karibu na kwao, kwa Maurice Wilkes wa Cambridge, aliyekuwa akijenga kompyuta iliyoitwa EDSAC. Lyons ilichangia mradi huo pauni 3,000. EDSAC ilipofanya kazi Mei 1949, Lyons iliamua kujenga ya kwake kwa kufuata mfano huo, mhandisi wake akiwa John Pinkerton. Mashine hiyo, LEO, ilikuwa na vali zipatazo 6,000 na kumbukumbu iliyohifadhiwa katika mirija ya zebaki. Novemba 1951 ilianza kukokotoa thamani ya bidhaa za viwanda vya mikate. Baadaye ikapewa kazi ya mishahara. Hesabu ya mfanyakazi mmoja, iliyomchukua karani mzoefu kama dakika 8, ikamalizika kwa sekunde 1.5.

Kasi hiyo ndiyo inayotajwa zaidi, lakini si ndiyo yenye uzito mkubwa. Kilichobadilisha uongozi ni kazi ya oda za migahawa, iliyosanifiwa na kundi la David Caminer. Badala ya kila msimamizi wa mgahawa kuorodhesha upya kila siku mahitaji yake yote, kila mgahawa uliwekewa oda ya kudumu kwa kila siku ya juma. Msimamizi alitakiwa kutaja mabadiliko tu. Mfanyakazi wa makao makuu alimpigia simu na kutoboa kadi papo hapo wakiwa wanazungumza. Kadi zikaingizwa katika LEO, nayo ikatoa orodha za kufungashia na kupakia bidhaa. Taarifa iliyosemwa mara moja ilitumika uokaji, usafirishaji na uhasibu, na viongozi wakaweza kuona mgahawa upi ulikuwa umetoka nje ya kawaida. Mfanyakazi huyo wa simu, ikumbukwe, hatajwi jina katika masimulizi mengi, ingawa mfumo mzima ulipita masikioni na vidoleni mwake.

Jina la fani lilienea katika miaka ya 1960, na halikukosa wapinzani. Mwaka 1967 Russell Ackoff alidai kwamba viongozi hawasumbuliwi hasa na uhaba wa taarifa zinazofaa, bali na wingi wa zisizofaa. Simmons angelikubali bila shida.

Tanzania inatoa mfano wa kulinganisha. Kompyuta ya kwanza ilisimikwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta lilikwama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Ni rahisi kuusoma uamuzi huo kama hofu ya teknolojia. Ukilinganishwa na Lyons, unasomeka vingine: mashine ilifika kabla ya utaratibu wa karatasi kuhojiwa na kunyooshwa, nayo ikarithi kasoro zake.

Hata hivyo, Lyons nayo isitukuzwe kupita kiasi. Kitengo chake cha kompyuta, kilichokuwa kampuni kamili mwaka 1954, kiliunganishwa na English Electric mwaka 1963, na mwaka 1968 kikawa sehemu ya ICL. Kampuni mama ilikopa sana kwa fedha za kigeni mwanzoni mwa miaka ya 1970 ili kununua biashara nyingine. Pauni ilipodhoofika deni likawa zito, na mwaka 1978 ikanunuliwa na Allied Breweries. Mfumo wake ulisanifiwa kueleza gharama ya keki na mahitaji ya mgahawa. Mikopo iliamuliwa katika meza ya bodi, ambako oda ya kudumu haikuwahi kuwekwa.